Usaili wa Mtengeneza Tovuti Usigeuke Kazi ya Bure

Barua pepe huingia Ijumaa jioni. Mwombaji anashukuriwa kwa kuomba kazi, anaambiwa amevuka hatua ya kwanza, kisha anapewa zoezi la kufanyia nyumbani. Atengeneze tovuti ya duka yenye orodha ya bidhaa, sehemu ya kutafutia, kikapu cha manunuzi na fomu ya malipo. Ionekane vizuri kwenye simu na kwenye kompyuta. Aandike majaribio ya kuthibitisha kwamba msimbo wake haukosei. Aiweke hewani, na kiungo kiwe kimefika Jumatatu saa tatu asubuhi. Chini kabisa pameandikwa kwamba kazi yote haitazidi saa nne.

Anayeifanya kazi hii kila siku anajua kwamba saa nne hazitoshi. Kikapu peke yake, kikijengwa sawasawa, kinakula nusu siku. Fomu ya malipo ina mambo yake. Na mwombaji hashindani na saa, anashindana na mwenzake ambaye hakulala tangu Ijumaa. Kwa hiyo naye halali.

Zoezi la namna hii limekuwa lango la ajira kwa wanaojenga upande wa mbele wa tovuti, yaani kila ambacho mtumiaji anakiona, anakibonyeza na kukijaza. Linatolewa na kampuni changa za Nairobi na Dar es Salaam, na linatolewa na waajiri wa Ulaya na Marekani wanaoajiri watu wafanye kazi wakiwa makwao. Wapo wanaotaka lifutwe kabisa. Hao wamekosea, kwa sababu zoezi lenyewe, likipangwa vizuri, ni miongoni mwa vipimo vya haki zaidi alivyo navyo kijana asiye na jina wala mjomba ofisini. Kinachotakiwa ni kuliokoa mikononi mwa waajiri wanaoliharibu kwa kulirefusha, kwa kukaa kimya baada ya kulipokea, na kwa tamaa ya kupata kazi bila kulipa.

Ili kuona thamani yake, inafaa kukumbuka kilichokuwepo kabla. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za Marekani ziliwapima watengeneza programu kwa mafumbo. Microsoft ilivuma kwa hilo kiasi kwamba mwaka 2003 William Poundstone alitoa kitabu kizima kuhusu maswali ya aina ya jinsi ya kuuhamisha Mlima Fuji. Google nayo ilipita humo humo, hadi mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia rasilimali watu ya kampuni hiyo, alipoliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri chochote.

Baada ya mafumbo ukaja ubao. Mwombaji husimamishwa mbele ya wasaili, hupewa kalamu ya wino na kuambiwa aandike msimbo kwa mkono huku akieleza anachofikiri. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu inayotumiwa na watengeneza programu wengi wenye kompyuta za Mac, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kutatua swali la ubaoni, ingawa kwa maelezo yake wahandisi wengi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakiitumia kazi yake. Malalamiko hayo yalizunguka dunia. Kila mtengeneza programu aliyewahi kukataliwa kwa namna hiyo alijiona ndani yake.

Miaka mitano baadaye ulikuja ushahidi uliopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwachukua wanafunzi 48 na kuwapa swali la usaili. Baadhi walilitatua ubaoni mbele ya msaili, wengine walifanya peke yao ndani ya chumba cha faragha. Matokeo ya waliotazamwa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wanawake wote waliofanya faraghani walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo, na haifai kuibebesha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hata hivyo mwajiri yeyote anayelalamika kwamba hapati wanawake wa kuajiri angepaswa kuyasoma matokeo hayo mara mbili.

Kwa mjenzi wa upande wa mbele, ubao una kasoro nyingine kubwa zaidi: hauipimi kazi yake. Hakuna siku ataombwa ageuze mti wa data kwa kalamu. Ataombwa atengeneze fomu ambayo mama wa miaka 60 ataijaza kwenye simu ya bei ndogo bila kumpigia mjukuu wake.

Wanasaikolojia wa kazi wamelichunguza suala hili muda mrefu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walitumia kipimo ambacho sifuri ni sawa na kubahatisha na moja ni utabiri usiokosea. Sampuli ya kazi, yaani kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye, ilipata 0.54 na kuongoza orodha. Idadi ya miaka aliyokaa shuleni ilipata 0.10. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu hiyo kwa njia wanayoiona kuwa ya uangalifu zaidi, na sampuli ya kazi ikateremka hadi 0.33, huku mahojiano yenye maswali yaliyopangwa na kuulizwa sawasawa kwa wote yakishika nafasi ya kwanza kwa 0.42. Waajiri wanaoshabikia zoezi hupenda kuitaja namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Zikisomwa pamoja, zinaelekeza kwenye mpango mmoja: zoezi fupi, halafu mazungumzo yaliyopangwa juu ya zoezi hilo. Atakayefanya nusu ya kwanza tu amejinyima nusu iliyo bora.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Upande wa mbele wa tovuti ndiko wanakoingilia wengi waliojifundisha wenyewe. Kuna waliopitia kozi fupi kama za Moringa School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2014, na kuna waliosoma bure kupitia freeCodeCamp, usiku, bando la intaneti lilipokuwa rahisi. Kijana wa Kisii au Kahama aliyejifunza hivyo hana shahada ya kompyuta ya kuweka mezani. Alichonacho ni mikono. Mwajiri akimwambia aonyeshe anachoweza, amemfungulia mlango ambao wasifu wa kwenye karatasi ungeufunga. Utumishi wa umma wa Tanzania unalijua hili: Sekretarieti ya Ajira huendesha usaili wa vitendo kwa baadhi ya kada, dereva akaendesha gari na mpiga chapa akapiga chapa. Unafanyika siku moja, mahali panapojulikana, na mwisho wake unajulikana.

Zoezi zuri huwa dogo, na udogo huo hauli ubora wake. Mwenye karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, hahitaji kumsubiri fundi amalize kabati zima ndipo amjue. Kiungo kimoja cha mbao kinamtosha.

Chukua fomu ya kujisajili: jina, namba ya simu, barua pepe, nenosiri, na kitufe cha kutuma. Inaonekana jambo la kitoto, lakini inaweza kumweka uchi mtu aliyejisifu kwa kurasa tatu za wasifu. Je, sehemu ya jina itamkubali Ng'ang'a wa Kiambu na Ng'wandu wa Usukumani, au itawaambia kwamba jina lao lina alama isiyoruhusiwa? Wakenya wenye ritifaa majinani mwao wamekutana na ujumbe huo mara nyingi mno. Je, namba ya simu inayoanza na 01 itapita? Namba hizo zimekuwa zikitolewa Kenya tangu mwaka 2019, na bado zipo fomu zinazoamini kwamba kila Mkenya anaanza na 07. Mtumiaji akiandika namba yake kwa nafasi katikati, au akitanguliza +254 au +255, fomu itamwelewa au itamkaripia? Mwombaji aliyeyafikiria hayo bila kuambiwa ameonyesha kwamba anawafikiria watu. Hilo halifundishwi kwa wiki moja kazini.

Halafu kuna hali ambazo hazimo kwenye picha ya mbunifu. Picha huonyesha ukurasa ukiwa umejaa data safi. Maisha hayako hivyo. Mtandao unapochelewa, ukurasa unaonyesha nini? Mtumiaji akitafuta kitu kisichopatikana, atakuta maandishi yanayomwelekeza au weupe mtupu? Akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa sababu haoni kinachoendelea, atakatwa fedha mara mbili? Maswali haya matatu yanajibiwa ndani ya saa mbili za kazi, na majibu yake yanatenganisha mjenzi na mpamba kurasa.

Jambo jingine ambalo zoezi fupi linaweza kulipima ni kama tovuti inamfaa mtu asiyeona, au asiyeweza kushika kipanya. Shirika la WebAIM la Marekani huzichunguza kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana. Mwaka 2024 liligundua makosa ya aina hiyo katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo, na kosa lililoenea kuliko yote lilikuwa maandishi hafifu yasiyotofautiana vya kutosha na rangi iliyo nyuma yake. Viwango vya kimataifa vinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kupima hilo huchukua dakika moja. Kila sehemu ya fomu iwe na maelezo yake ambayo programu ya kusoma skrini inaweza kuyatamka. Kila picha yenye maana iwe na maneno yake. Mwombaji anayejua haya atamwokoa mwajiri na aibu, na atawapa watu wengi huduma wanayonyimwa leo.

Yote hayo yanaingia katika saa mbili au tatu, na wala hayahitaji duka zima.

Sasa tupige hesabu ya zoezi la Ijumaa jioni. Tuseme waombaji 20 wamelipokea, na kila mmoja amelifanyia kazi saa 20, maana ndivyo inavyokuwa kwa anayeitaka kazi kweli. Hizo ni saa 400, sawa na wiki kumi za kazi ya mtu mmoja mwenye wiki ya saa 40. Anayeajiriwa ni mmoja. Saa 380 zimetoka mifukoni mwa watu 19 ambao wengi wao hawana kipato, na ambao wamenunua bando wenyewe, tena wengine wamelipia meza ya kufanyia kazi mjini kwa sababu nyumbani umeme hauaminiki. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Mwajiri aliye Berlin haoni hayo. Anaona saa ya mwisho imepita na kazi haijafika.

Na si kila mwombaji ana wikiendi ya kutoa. Mwenye mtoto mchanga hana. Anayefanya kazi kwingine hadi Jumamosi jioni hana. Anayeuguza mzazi hana. Zoezi refu likisemwa kupima ustadi, linachokipima zaidi ni nani ana muda wa bure na nani ana mtu wa kumpikia. Kilichokusudiwa kumsaidia asiye na upendeleo kinageuka upendeleo mpya.

Baya zaidi ni pale zoezi linapokuwa kazi halisi ya kampuni. Mwombaji anaambiwa abuni upya ukurasa wa mbele wa mwajiri huyo huyo, au aongeze kipengele ambacho wateja wake wamekuwa wakikidai. Kampuni inayofanya hivyo bila kulipa inachukua jasho la watu, na uungwana wa barua ya mwaliko haubadilishi hilo. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unailinda kazi ya mtunzi tangu inapoundwa, bila yeye kulazimika kuisajili popote. Mwombaji ana haki ya kuuliza kwa maandishi, kabla hajaanza, kazi yake itatumiwaje na itakuwa mali ya nani. Mwajiri mwenye nia safi atajibu kwa sentensi mbili.

Kulipa kunawezekana. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, imekuwa ikiwapa waombaji wake kazi ya majaribio kwa malipo, na Matt Mullenweg, mkuu wake, alieleza mwaka 2014 katika jarida la Harvard Business Review kwamba wote hulipwa dola 25 kwa saa, bila kujali cheo wanachokiomba. Si kila kampuni changa ya Afrika Mashariki inaweza kulipa kiwango hicho. Lakini isiyoweza kulipa hata kidogo inaweza kufupisha, na kufupisha hakugharimu senti.

Wala kujibu hakugharimu. Ukimya baada ya zoezi ndio unaowaumiza vijana kuliko hata kukataliwa. Mtu ametoa siku tatu za maisha yake. Anastahili mistari mitano kutoka kwa aliyeisoma kazi yake, ikimwambia palipokuwa pazuri na palipopungua. Mistari hiyo ingekuwa malipo ya namna yake, kwa kuwa aliyejifunza peke yake hana mahali pengine pa kuipata. Ikiwa kampuni haina mtu wa kuisoma kazi ya waombaji 20, basi haikupaswa kuwapa zoezi watu 20.

Hapa waajiri wana utetezi, na ni wa kweli. Tangazo moja la kazi huleta maombi kwa mamia, na wengi wa waombaji hawawezi kuandika hata programu nyepesi. Tatizo hilo si geni: mwaka 2007 Imran Ghory alipendekeza swali la FizzBuzz, la kuorodhesha namba 1 hadi 100 huku zinazogawanyika kwa 3 na kwa 5 zikibadilishwa kwa maneno, akisema kwamba waombaji wengi linawashinda. Lakini swali hilo huchukua dakika chache. Ndicho kichujio cha mamia. Zoezi la nyumbani ni la hatua za mwisho, la watu watatu hadi watano ambao mwajiri tayari amezungumza nao na angefurahi kumwajiri yeyote kati yao.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana hawaelezwi vya kutosha. Novemba 2023 kikosi cha utafiti cha Unit 42 cha kampuni ya Palo Alto Networks kilitangaza kugundua wadukuzi wanaohusishwa na Korea Kaskazini wakijifanya waajiri. Humwalika mtengeneza programu kwenye usaili, humwambia apakue mradi kutoka GitHub, naye akiuendesha, programu hasidi iliyofichwa ndani ya msimbo wa JavaScript huiba nywila na funguo za pochi za fedha za kidijitali. Chambo ni usaili wenyewe. Mradi uliotoka kwa mgeni haufai kuendeshwa kwenye kompyuta yenye nywila za benki za mwenyewe au za mwajiri wake wa sasa. Uendeshwe kwenye mazingira yaliyotengwa, na jina la kampuni lihakikishwe kwa njia nyingine kabla ya kugusa chochote. Waajiri wa kweli nao wangewasaidia kwa kutuma zoezi kutoka anwani rasmi ya kampuni, likiwa na jina la mtu anayeweza kupigiwa simu.

Limebaki suala la akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, fomu iliyoelezwa hapo juu inaweza kuandikwa na mashine kwa sekunde chache, na baadhi ya waajiri wamekata tamaa na kurudi ubaoni. Ni kurudi nyuma kusiko na sababu. Mwaka 2025 Canva, kampuni ya Australia ya programu za usanifu, ilitangaza kwamba waombaji wake wa uhandisi wanatarajiwa kutumia zana hizo kwenye usaili, kwa kuwa watazitumia kazini. Mashine inaweza kuandika fomu. Haimjui Ng'ang'a mpaka aliyeiagiza amkumbuke. Na mwombaji akikaa na msaili nusu saa, msimbo ukiwa mbele yao, akaulizwa kwa nini alichagua hivi na akaombwa abadilishe sehemu moja palepale, itajulikana kama anaielewa kazi aliyoileta. Hayo ndiyo mazungumzo yaliyopangwa ambayo utafiti wa 2022 uliyapa nafasi ya kwanza.

Tangazo la kazi la haki, basi, lingetaja mambo manne waziwazi: zoezi litachukua saa ngapi na nani ndani ya kampuni aliwahi kulifanya kwa muda huo, litalipwa kiasi gani likizidi saa tatu, nani atalisoma, na jibu litatoka tarehe gani. Vyama vya watengeneza programu na shule zinazowafundisha zingeweza kukataa kusambaza matangazo yasiyo na hayo. Gharama yenyewe inahesabika. Waombaji watano wa mwisho, saa nne kila mmoja, ni saa 20 za malipo. Hiyo ni nusu wiki ya mshahara wa mtu mmoja, kwa nafasi ambayo huenda ataishika kwa miaka.